Stoo mbili, mishahara miwili: je, nipokee ufadhili na kunyamaza?

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni mwanamke mwenye umri wa miaka 34, mkazi wa Mwanza, mke wa mtu na mama wa watoto wawili. Huu ni mwaka wangu wa saba katika kampuni binafsi inayouza vifaa vya ujenzi, ambako ninatunza stoo ya vifaa vya umeme na mabomba: nyaya, swichi, soketi, koki, elbo, tii na vingine vya namna hiyo, aina zaidi ya 900 kwa jumla. Upande wa pili wa uwanja huo huo iko stoo ya saruji, nondo, mabati na misumari, yenye bidhaa za aina zisizozidi 40, ambayo inatunzwa na kaka mmoja aliyeajiriwa miezi 14 iliyopita. Mifuko na nondo hubebwa na makuli wanaolipwa kwa siku. Yeye huhesabu, huandika na kutia sahihi, kama ninavyofanya mimi. Tofauti ni kwamba malori ya saruji wakati mwingine huingia usiku, naye hulazimika kubaki hadi mzigo ushushwe.

Alipoanza kazi alikabidhiwa kwangu kwa wiki tatu. Nilimfundisha kujaza leja, kupokea mzigo kwa kulinganisha hati ya muuzaji na oda yetu, na kufunga hesabu za mwisho wa mwezi. Mwaka huu alipokwenda likizo, stoo zote mbili zilibaki mikononi mwangu kwa muda wote huo. Nilipokwenda mimi, nilikaa nyumbani siku tisa tu, kisha meneja akanipigia simu nirudi, akisema kwamba mwenzangu hawezi kuzijua bidhaa zangu.

Siku 21 zilizopita tulilipwa mishahara. Mhasibu wetu huwa anafunika majina ya wengine kwa karatasi nyeupe kabla ya kukupa orodha utie sahihi, lakini siku hiyo alikuwa na haraka, akaniwekea mezani orodha nzima. Jina la mwenzangu lilikuwa juu ya jina langu. Mshahara wake ni shilingi 650,000 na wangu ni shilingi 480,000. Nilitia sahihi mkono ukitetemeka, nikatoka.

Siku ya pili nilimuuliza meneja kwa adabu. Alitabasamu, akanieleza kwamba stoo ya mwenzangu ni nzito, kwamba mwenzangu ana stashahada ya ununuzi na ugavi ilhali mimi nina astashahada ya awali, na kwamba isitoshe yule ni mwanamume mwenye familia, wakati mimi nina mume wa kunitunza. Alimalizia kwa kusema kwamba nikiipata hiyo stashahada tutalizungumza. Mume wangu, Shangazi, anaendesha bajaji ya mkataba, na mara nyingi baada ya kumlipa mwenye bajaji na kuweka mafuta, kinachobaki ni hela ya mboga.

Sasa jambo lililonifanya nikuandikie ni hili. Mtaani kwetu kuna kikundi cha akina mama 40 ambao kila mmoja huchanga shilingi 5,000 kwa mwezi katika mfuko wa elimu. Zamani walikuwa wakilipia ada za mabinti wa sekondari, lakini baada ya Serikali kufuta ada ya kidato cha kwanza hadi cha nne mwaka 2016, na ya kidato cha tano na cha sita mwaka 2022, waliamua kugeukia wanawake wanaotaka kusoma vyuo, wakiwamo walioolewa na walio kazini. Kila mwaka huwafadhili wanawake wawili, shilingi 1,200,000 kila mmoja. Safari hii nimechaguliwa kusoma stashahada ya ununuzi na ugavi kwa masomo ya jioni, miaka miwili. Lakini fomu yao inataka barua ya mwajiri inayosema kwamba ana taarifa na kwamba ataniruhusu siku za mitihani, nayo inatakiwa kurudishwa mwisho wa mwezi huu.

Mume wangu anasema ninyamaze, nisome, nikimaliza mshahara utapanda wenyewe. Mwenyekiti wa kikundi, ambaye ninamheshimu kama mama yangu mzazi, ameniomba nisije nikagombana na tajiri kabla barua haijapatikana, kwa sababu nafasi yangu wanaitaka wengine. Nami ninajiuliza kama kweli nina haki ya kudai, ikiwa mwenzangu amenizidi elimu. Nikidai nitakosa barua, na nikinyamaza ninaona kama ninaukubali unyonge wangu kwa miaka miwili mizima. Nifanyeje?

Mtunza Stoo, Mwanza

*

Marahaba mwanangu,

Katika barua yako kuna sentensi uliyoiandika kwa kupita tu, nami nimeirudia mara tatu: kwamba ulipokwenda likizo uliitwa urudi baada ya siku tisa, kwa sababu mwenzako hawezi kuzijua bidhaa zako, ilhali yeye alipokwenda, stoo yake uliibeba wewe pamoja na yako. Kazi hizo mbili zimekwisha kupimwa, na aliyezipima ni meneja wako mwenyewe. Ameona kwamba mwenye stashahada hawezi kushika stoo ya mwenye astashahada, na mwenye astashahada anaweza kuzishika zote mbili. Iandike habari hiyo mahali, pamoja na tarehe ya simu ile, kabla hujasahau.

Watu wengi wakisikia habari ya malipo sawa hudhani kwamba ni lazima watu wawili wawe wanafanya kazi ile ile, katika chumba kile kile. Sivyo. Mkataba Namba 100 wa Shirika la Kazi Duniani, uliopitishwa mwaka 1951 na ambao Tanzania iliuridhia mwaka 2002, unazungumzia kazi yenye thamani sawa, na maneno hayo ndiyo yaliyomo katika kifungu cha 7 cha Sheria yetu ya Ajira na Mahusiano Kazini, ambacho kinamtaka kila mwajiri achukue hatua za dhati kuhakikisha kwamba wanaume na wanawake wanapata ujira sawa kwa kazi yenye thamani sawa. Neno hilo thamani halikuwekwa kwa bahati. Kazi za wanawake na za wanaume hutengwa mara nyingi, wanawake wakawekwa kwenye vifaa vidogo na wanaume kwenye vizito, wanawake mapokezi na wanaume udereva, na kama sheria ingedai kwamba kazi zifanane, mwajiri angejitoa kwa kubadilisha jina la kazi tu. (Wasomaji wangu wa Unguja na Pemba wajue kwamba Zanzibar ina sheria yake ya ajira, ya mwaka 2005, kwa hiyo vifungu ninavyovitaja hapa ni vya Tanzania Bara.)

Sasa tuzipime stoo zenu. Katika kupima kazi huangaliwa ujuzi unaotakiwa, nguvu za mwili na za akili zinazotumika, wajibu alio nao mfanyakazi, na mazingira anayofanyia kazi. Tukianza na uzito ambao meneja ameuweka mbele, mfuko wa saruji ni mzito kweli, lakini unabebwa na kuli anayelipwa kwa siku. Mwenzako anaubeba kwa kalamu. Uzito wa kichwani uko kwako, kwa maana anayeingia kununua elbo ya nusu inchi na akapewa ya robo tatu atarudi na fundi wake akigomba, na rola ya waya inayokatwa kwa mita inaweza kupungua mita sita bila ya mtu yeyote kuiona kwa macho, wakati rundo la mabati likipungua hata mlinzi wa getini anaona. Aina 900 kwa aina 40 si tofauti ndogo. Huo ni ujuzi, na ni wajibu pia.

Lakini nisikudanganye kwa kukupendelea. Vumbi la saruji lipo na mwenzako analivuta, nalo ni haki liingie katika mizani upande wake. Kuhusu malori ya usiku, jibu lake ni jepesi: saa za ziada zina malipo yake, ambayo kwa sheria hayapungui mara moja na nusu ya malipo ya saa ya kawaida, na anayefanya kazi usiku ana nyongeza ya asilimia 5. Kama hapewi, anadhulumiwa naye, na kama anapewa, basi hayo hayawezi kuhesabiwa mara ya pili ndani ya mshahara wa msingi. Ndiyo maana unapouliza, uliza juu ya mshahara wa msingi peke yake.

Suala la stashahada ndilo gumu zaidi, na nimefurahi kuona kwamba unajiuliza mwenyewe badala ya kulikimbia. Elimu inaweza kuwa sababu halali ya kutofautisha mishahara, mradi elimu hiyo iwe inahitajika katika kazi yenyewe. Mwajiri anaweza kusema kwamba stashahada ilikuwa sharti la nafasi ile, au kwamba mwenzako amesajiliwa na Bodi ya Wataalamu wa Ununuzi na Ugavi na kampuni inautumia usajili huo, au kwamba ndiye anayeandaa zabuni na mipango ya manunuzi ambayo wewe huigusi. Akiyathibitisha hayo, sehemu ya tofauti itakuwa na mguu wa kusimamia. Asipoyathibitisha, stashahada hiyo ni karatasi iliyoning'inizwa ukutani, kwa sababu kazi yake yote ya kila siku ulimfundisha wewe kwa wiki tatu. Kwa maoni yangu, unaweza ukaishia kupata nyongeza iliyo chini ya shilingi 170,000, na hilo halitakuwa na maana kwamba umeshindwa. Stashahada ikipewa haki yake, itapewa kwa kiasi chake, na mwenye wajibu wa kukieleza kiasi hicho ni mwajiri.

Hilo la familia ndilo lililonishangaza, kwa kuwa mtu mzima aliyekabidhiwa umeneja alipaswa kulimeza kabla ya kulitamka. Kifungu hicho hicho cha 7 kinakataza ubaguzi kwa misingi kadhaa iliyotajwa kwa majina, ikiwamo jinsi, hali ya ndoa na majukumu ya kifamilia. Kwa kusema kwamba yule ni mwanamume mwenye familia na wewe una mume, meneja ametaja misingi mitatu iliyokatazwa katika sentensi moja. Na Katiba ya mwaka 1977, katika ibara ya 23, inampa kila mtu, bila ya ubaguzi wa aina yoyote, haki ya kupata ujira unaolingana na kazi yake. Haisemi unaolingana na idadi ya watoto wake, wala unaolingana na kipato cha mwenzi wake. Zaidi ya hayo, mfanyakazi akikwisha kuonyesha dalili za kutosha kwamba kuna ubaguzi, sheria inamgeukia mwajiri, na ni yeye anayepaswa kuthibitisha kwamba haupo.

Sasa njoo kwenye ufadhili, maana hapa ndipo ninapotofautiana na mume wako na mwenyekiti wako, pamoja na heshima yote niliyo nayo kwao. Chukua kalamu. Tofauti ya mshahara wako na wa mwenzako ni shilingi 170,000 kwa mwezi. Igawe kwa mchango wa mama mmoja wa kikundi chenu, shilingi 5,000, utapata 34. Yaani kila mwezi unapita kwenye kampuni ile ukiacha nyuma yako fedha ambayo akina mama 34 wa mtaani kwenu wanaichanga katika mwezi huo huo. Sijui akina mama hao wanafanya kazi gani, lakini kwa kuwa ninaufahamu mji wa Mwanza, ninaweza kubahatisha kwamba yumo anayeanika dagaa wa Mwaloni, yumo mama lishe, na yumo anayeuza mkaa kwa kopo. Kwa mwaka tofauti hiyo ni shilingi 2,040,000, na ufadhili wako ni shilingi 1,200,000. Kama ungelipwa sawa na mwenzako, ungejisomesha mwenyewe, ungebakiwa na shilingi 840,000, na nafasi yako katika mfuko angeipata mwanamke mwingine ambaye hana mshahara wowote.

Siyasemi haya ili uukatae ufadhili. Upokee, na kwa mikono miwili. Ufadhili mkubwa wa kitaifa mara nyingi haumfikii mtu wa aina yako: Samia Scholarship, iliyoanza mwaka wa masomo 2022/2023, inawachukua waliofaulu vizuri zaidi masomo ya sayansi kidato cha sita, na shirika kama CAMFED, ambalo lipo nchini tangu mwaka 2005, linawatazama zaidi mabinti wa vijijini walio shuleni. Mwanamke wa miaka 34, mwenye ajira, watoto na astashahada ya awali, mlango wake kwa kawaida ni huo wa majirani, na mfuko wa mtaa unaothubutu kusomesha wanawake walioolewa ni jambo la kuheshimiwa sana. Ninachokukataza ni kuukubali ufadhili huo kama fidia ya mshahara. Akina mama wale hawana deni kwako. Mwenye deni ni mwingine, na hawezi kulilipa kwa mifuko yao.

Tena meneja alipokuambia kwamba mtalizungumza utakapopata stashahada, alilibadilisha swali lako. Wewe uliuliza juu ya kazi unayoifanya leo. Yeye akajibu juu ya mtu utakayekuwa baada ya miaka miwili. Kwa miezi 24, kwa tofauti ile ile, jibu lake lina gharama ya shilingi 4,080,000, na mwisho wa miaka hiyo hakuna alichoahidi isipokuwa mazungumzo.

Kuna sababu nyingine ya kutongoja, nayo ni kalenda. Migogoro ya kazi hupelekwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, ambayo wengi tunaiita CMA, na kwa migogoro isiyo ya kuachishwa kazi muda uliowekwa ni siku 60 tangu mgogoro ulipotokea. Mtu anaweza kubishana kwamba kila mwezi unaolipwa pungufu ni mgogoro mpya, na wanasheria watabishana, lakini wewe usijiegemeze kwenye ubishi. Hesabu kuanzia siku ulipoiona ile orodha. Siku 21 zimekwisha kwenda, zimebaki 39. Iko fomu ya kuomba kuongezewa muda kwa aliyechelewa, CMA F2, lakini huko utatakiwa kueleza sababu nzito za kuchelewa, na sidhani kama kungoja barua ya kikundi kutahesabiwa kuwa sababu nzito.

Kwa hiyo utengue fundo hili kwa kuyafanya mambo mawili yawe mawili. Kesho nenda kwa mwenyekiti, ukiwa na hesabu ile ya akina mama 34 kwenye karatasi, umweleze ukweli wote, kisha umuulize kwa nini fomu inataka barua ya mwajiri. Bila shaka waliiweka ili kuhakikisha kwamba mfadhiliwa hataacha masomo katikati kwa kunyimwa ruhusa. Ni nia njema, ila imempa mwajiri funguo za mlango ambao si wake. Masomo ya jioni huanza baada ya saa za kazi, na jioni yako huiombi kwa mtu. Zinazobaki ni siku za mitihani, na kwa hizo unayo likizo ya mwaka ya siku 28, ambayo safari hii uliitumia siku tisa. Mwombe mwenyekiti apokee, badala ya barua hiyo, ratiba ya chuo, barua ya Ofisi ya Serikali ya Mtaa, na maelezo yako mwenyewe yaliyosainiwa kwamba siku za mitihani utazitoa katika likizo. Nadhani atakubali, na huenda akaibadilisha fomu kwa ajili ya watakaokufuata. Hata hivyo, barua ya mwajiri iombe vilevile, wiki hii, kwa maandishi na kwa mistari mitatu, bila ya kuchanganya humo neno lolote la mshahara. Ukiipata, vizuri. Ukinyimwa, hujakwama.

Meneja akitokea kukuambia kwamba kampuni itakulipia masomo yenyewe, usiruke kwa furaha kabla ya kusoma kilichoandikwa chini. Mara nyingi ufadhili wa namna hiyo hufuatana na sharti la kubaki kazini miaka kadhaa au kurudisha gharama, na mtu anayelipwa pungufu hafai kujifunga mahali pale pale anapopunjwa.

Barua ya pili, ya mshahara, iende kabla ya wiki mbili kupita, uipe umbo la swali na usiipe umbo la shutuma. Ukiniruhusu nikuandikie kiini chake, kingekuwa hivi: “Ninaomba ufafanuzi wa maandishi kuhusu vigezo vilivyotumika kupanga mshahara wangu wa msingi na ule wa mtunza stoo ya pili, kwa kuzingatia kwamba majukumu yetu ya kupokea, kuhifadhi, kutoa na kufunga hesabu ni ya aina moja, na kwamba mwaka huu nilizisimamia stoo zote mbili wakati mwenzangu alipokuwa likizo. Ninaomba pia mshahara wangu upitiwe upya kulingana na kifungu cha 7 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini.” Usimtaje mwenzako kwa jina, usiandike takwimu za mshahara wake katika hatua hii, na wala usirudi ofisini kwa mhasibu kuipiga picha ile orodha. Uliiona kwa halali, ukiwa unatia sahihi. Ukiipiga picha kwa siri utawapa jambo lingine la kuzungumzia. Peleka nakala mbili, moja igongwe muhuri au isainiwe kuwa imepokelewa, ubaki nayo, na uihifadhi nyumbani pamoja na mkataba wako wa ajira na hati za mishahara.

Usipojibiwa ndani ya siku kumi hivi, au ukijibiwa kwa maneno yale yale ya familia, unazo njia. Kama ni mwanachama wa TUICO, chama cha wafanyakazi wa viwanda na biashara, au kama kampuni yenu ina tawi lake, anza hapo, kwa maana kiongozi wa chama anaweza kukusindikiza hadi mezani kwa meneja na baadaye hadi kwenye Tume. Afisa Kazi wa mkoa naye anaweza kukagua kampuni. Mgogoro wenyewe huwasilishwa CMA kwa fomu F1, ambayo nakala yake unampelekea mwajiri, na hatua ya kwanza ni usuluhishi, ambao sheria imeuwekea siku 30. Mnakaa watatu au wanne chumbani, mnazungumza, na migogoro mingi huishia hapo hapo bila ya kelele. Usiposuluhishwa, unaweza kuendelea kwenye uamuzi au Mahakama Kuu, Divisheni ya Kazi.

Je, wanaweza kukufukuza? Sheria inasema kwamba kumwachisha mfanyakazi kwa sababu ametumia haki yake ya kisheria si sababu halali, na ukiachishwa unazo siku 30 tu za kulalamika, kwa hiyo usikae nyumbani ukilia ukazipoteza. Lakini sitakuambia kwamba hakuna hatari. Sheria hufika baada ya mtu kuumia, na nyumba inayotegemea mshahara wako na bajaji ya mkataba haiwezi kungoja hukumu ya mwaka mmoja. Wewe na mume wako kaeni mhesabu mnaweza kustahimili miezi mingapi, kisha muamue pamoja mkijua mnachokiamua. Mkiona hamwezi hata miwili, simamia kwenye barua ya ufafanuzi na chama cha wafanyakazi, uiache CMA iwe ya mwisho, ila siku 60 zisikupite bila ya kuwa umeamua. Naye mume wako mwambie hivi kutoka kwangu: mshahara haupandi wenyewe. Wa mwenzako haukupanda wenyewe. Ulipangwa siku ya kwanza na mtu aliyeketi mezani.

Limebaki la yule kaka. Usimchukie, na usimwonyeshe kwamba unataka apunguziwe, kwa sababu hutaki hivyo. Ulimfundisha kazi kwa wiki tatu, na sasa unaweza kumwomba jambo moja dogo, tena mkiwa peke yenu, baada ya makuli kuondoka: akuambie kama tangazo la kazi aliyoiomba miezi 14 iliyopita liliandika kwamba mwombaji awe na stashahada, au halikuandika.

Shangazi